Kompyuta ya gemu kwenye joto la Dar: rejeta ya ukubwa gani inatosha?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Tabata, chumba changu ni cha bati na sina AC. Kompyuta yangu ina prosesa ya Core i7-14700K na kadi ya grafiki ya RTX 4070 Super. Mchana nahariri video za harusi, usiku nacheza gemu. Nikianza kurenda video, yaani kompyuta itengeneze faili la mwisho, prosesa inafika digrii 100 ndani ya dakika moja na kasi inashuka. Sasa hivi natumia kipoozeo kidogo chenye feni moja. Fundi mmoja wa Kariakoo kaniambia kwa hali ya hewa ya Dar feni haitoshi, ninunue mfumo wa maji wenye rejeta ya 360 (ya feni tatu), au tufunge mfumo mkubwa unaopooza prosesa na kadi pamoja, na rejeta tuitafute kwenye spea za magari ili gharama ishuke. Mwingine ananitisha kwamba unyevu wa Dar utaleta matone ya maji ndani ya kompyuta. Nitakadiriaje ninachohitaji?

JIBU: Marahaba. Fundi wako hajakudanganya kuhusu ukubwa wa rejeta, ila amekimbilia bidhaa kabla ya kupiga hesabu. Hesabu yenyewe si ngumu, utaifanya kwa kalkuleta ya simu, na huenda ikakuonyesha kwamba sehemu kubwa ya shida yako inatibika bila kununua kitu.

Maji hayazalishi ubaridi. Kazi yake ni kulichukua joto kwenye prosesa na kulipeleka kwenye rejeta, na huko feni inalimwaga kwenye hewa ya chumba. Kwa hiyo maji hayawezi kuwa ya baridi kuliko chumba chako. Ndiyo maana mtu wa Ulaya akikuambia rejeta ya 240, ya feni mbili, inamtosha kabisa, yeye anapima katika chumba cha digrii 20, na hapa Dar mchana tunaanzia 32. Hizo digrii 12 hakuna rejeta inayoziondoa, hata ukiweka kubwa kama mlango.

Kwanza tafuta wati. Wati yote inayoingia kwenye prosesa inatoka ikiwa joto. Prosesa yako Intel wameiandikia wati 125 za kawaida na wati 253 za juu inapokimbia kwa nguvu zote. Wauzaji wengi wanakutajia ile 125 kwa sababu ndiyo inayosomeka kirahisi, kisha wanakuuzia kipoozeo cha kulingana nayo, na ndipo balaa linapoanzia. Kibaya zaidi, madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) nyingi za daraja hilo zilitoka kiwandani zikiwa zimeondoa kikomo kabisa, yaani prosesa inaruhusiwa kunywa umeme hadi joto lenyewe liizuie. Mwaka 2024 Intel walikiri tatizo la prosesa za kizazi cha 13 na 14 kuharibika kwa volti kupanda kupita kiasi. Mwezi Agosti wakatoa marekebisho yanayoitwa 0x129, wakataka madabodi zirudishwe kwenye mipangilio yao ya kawaida, na wakaongeza waranti ya prosesa hizo kwa miaka 2. Kama hujawahi kusasisha BIOS, ile programu ya ndani ya madabodi yenye mipangilio ya mashine, tangu uinunue, hiyo ndiyo kazi ya leo jioni. Fanya kabla hujatoa hata shilingi moja, kwa sababu hapa tunazungumzia uhai wa prosesa, achilia mbali joto.

Ukishasasisha, weka programu ya HWiNFO, ni ya bure. Renda video yako halisi, harusi nzima, na uangalie mstari ulioandikwa CPU Package Power. Iache ikimbie nusu saa. Dakika tano hazitoshi, maana kwenye mfumo wa maji joto la maji huchukua dakika 10 hadi 20 kutulia, na majaribio mafupi ndiyo yanayowadanganya watu wengi wanaojisifu kwa picha za skrini. Halafu cheza gemu lako nusu saa, andika tena. Utakuta tofauti kubwa. Wakati wa kurenda utaona wati karibu 250, lakini kwenye gemu prosesa hii mara nyingi inacheza kati ya wati 80 na 150, kwa sababu mzigo mkubwa uko kwenye kadi. Kadi yako yenyewe Nvidia wameipangia wati 220.

Nambari ya pili ni joto la hewa inayoingia kwenye kasha la kompyuta. Usichukue joto linaloonyeshwa na simu, hilo ni la mji. Nunua kipimajoto cha ukutani cha bei ndogo, kiweke usawa wa kompyuta, sentimita chache mbele ya feni za kuingiza hewa, na ukisome saa nane mchana. Hesabu yako iwe ya kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi. Ukipima Julai wakati wa kusi, utajidanganya kwa digrii nne au tano na Februari utanitafuta tena. Chumba cha bati kisicho na dari kinaweza kupanda juu ya joto la nje mchana. Mimi ningeweka 32 kwa chumba chenye dari na dirisha wazi, na 35 kwa chako mpaka kipimajoto kinikatalie. Pangaboi usilihesabu, linakupooza wewe mwenye jasho, lakini kwa rejeta linazungusha hewa ileile.

Sasa hesabu. Rejeta hupimwa kwa vipande vya feni za milimita 120. Ya 240 ina vipande viwili, ya 360 ina vitatu. Kipande kimoja, feni ikizunguka kwa kasi ya wastani isiyokupigia kelele, huondoa takriban wati 100 maji yakiwa na joto la digrii 10 zaidi ya hewa. Ukikitwika kipande wati 50, tofauti inakuwa digrii 5. Ukikitwika 150, inakuwa 15. Ni makadirio, rejeta nene na feni kali hufanya vizuri zaidi, lakini kwa kununua yanatosha.

Wati 253 kwenye rejeta ya 360 ni wati 84 kwa kila kipande, maji yatapanda digrii 8 na kitu juu ya hewa. Kwenye rejeta ya 240 ni wati 126 kwa kipande, yatapanda 12 na kitu. Umeona? Kati ya 240 na 360 umepata digrii 4 tu. Watu wanagombana vijiweni juu ya 240 na 360 kana kwamba ni Simba na Yanga, kumbe wanagombea digrii nne.

Joto lingine liko wapi? Liko kati ya kiini cha prosesa na maji. Prosesa hii ni kijipande kidogo cha silikoni, na joto lake lazima lipite kwenye kifuniko cha chuma, kwenye pesti ya kupitisha joto, kisha kwenye shaba ya kipoozeo ndipo liguse maji. Njia hiyo nyembamba mimi huikadiria digrii 0.2 kwa kila wati kwa prosesa za aina hii. Wati 253 mara 0.2 ni digrii 51. Hapo ndipo mwili wa tatizo ulipo, na rejeta haigusi hata kidogo sehemu hiyo.

Jumlisha. Chumba 35, maji yanaongeza 8, njia ya kwenye kiini 51, jumla 94. Kikomo cha prosesa yako ni 100, ndipo inapoanza kujipunguza kasi. Na hapo tumeweka rejeta ya 360, mpya, safi, pesti imepakwa sawasawa. Vumbi likishaingia kidogo umerudi kulekule. Ukiweka ya 240 unafika 98, yaani huna hata pumzi ya kuvuta.

Sasa rudia hesabu ileile ukiwa umeingia kwenye BIOS na kuweka kikomo cha wati 180, pale palipoandikwa PL1 na PL2, yaani vikomo vya wati vya muda mrefu na vya muda mfupi. Chumba 35, maji 6, kiini 36. Jumla 77. Umeshuka digrii 17 bila kubadili kifaa. Kasi unayopoteza wakati wa kurenda ni asilimia chache, kwa sababu wati za mwisho ndizo zenye faida ndogo kuliko zote, prosesa inalazimisha volti kubwa ili ipate kasi kiduchu. Kwenye gemu hutaona tofauti yoyote kwa kuwa hufiki huko. Tena linganisha na hali yako ya sasa: unarenda prosesa ikiwa imegonga 100 na inajikata yenyewe ovyo ovyo. Kumwekea kikomo mtu ambaye tayari anakatwa si hasara.

Msimamo wangu basi ni huu: kwa chumba kisicho na AC hapa Dar, kikomo cha wati kinatangulia rejeta. Ukishaweka 180 una njia mbili. Ya kwanza ni kipoozeo kikubwa cha hewa, kile cha minara miwili na feni mbili, ambacho kwa wati hizo kinamudu, hakina pampu ya kufa wala maji ya kukauka. Pima kasha lako kwanza maana vingi vina urefu wa karibu milimita 160. Ya pili ni mfumo wa maji uliofungwa kiwandani wenye rejeta ya 360, ukitaka ukimya zaidi na nafasi ya kupandisha kikomo hadi 200 au 220 miezi ya kusi. Hata rejeta ya 240 ingekufaa kwa wati 180, maana ni wati 90 kwa kipande. Mimi kwa kazi yako ya kurenda kila siku ningechukua 360 kama bei inaruhusu, ila sitakulaumu ukichukua kipoozeo cha hewa na tofauti ya bei ukaiweka kwenye dari ya chumba.

Kabla ya kununua hiyo 360 chukua futi kamba. Rejeta yenyewe ina urefu wa karibu milimita 395, na ikishavaa feni unene wake ni zaidi ya milimita 50. Kasha nyingi zinazouzwa kwetu zimeandikwa zinaingiza 360 lakini ukiifunga juu inagonga vijiti vya RAM.

Ifungwe juu au mbele? Hili linabishaniwa sana, na kwako jibu liko wazi. Ikifungwa mbele inavuta hewa mbichi ya chumba, halafu kadi ndiyo inayopokea hewa iliyokwisha kupashwa. Ikifungwa juu ikitoa hewa, inapokea joto la kadi. Fikiria kazi zako mbili. Unaporenda, kama programu yako inategemea prosesa zaidi, kadi imetulia na rejeta ya juu inapata hewa inayokaribia ya chumba. Unapocheza gemu, kadi inatema wati 220. Feni za mbele zikipitisha jumla ya mita 2 za ujazo kwa dakika, wati hizo zinapandisha hewa ya ndani digrii 5 hadi 6. Usiku chumba kikiwa 31, rejeta inapokea hewa ya 37. Prosesa iko kwenye wati 110, maji yanafika 41, kiini 63. Ongeza hata digrii 10 za tahadhari kwa kuwa gemu linabana viini vichache, bado uko salama. Kwa hiyo weka juu, na pesa ya ziada inunue feni tatu nzuri za mbele. Pampu isiwe sehemu ya juu kabisa ya mfumo, hewa itakusanyika humo na utasikia inakoroma. Kwenye BIOS pampu iache kasi yote muda wote, kinachopanda na kushuka ni feni tu.

Kuhusu kupooza kadi kwa maji, acha. Hesabu inasema wati 253 na 220 ni 473, vipande vitano vya rejeta, yaani 360 na 240 ndani ya kasha moja. Lakini hoja kubwa si hiyo. Kipoozeo cha maji cha kadi lazima kilingane na ubao wa kadi yako yenyewe, kampuni na toleo, utaagiza nje na ukikosea herufi moja hakikai. Kadi ya wati 220 ikiwa na feni zake za kiwandani haina shida ya kupoozwa. Mwenye kadi ya wati 450 tungezungumza lugha nyingine.

Na rejeta ya gari? Wazo si la kichaa, mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu waliotangulia kwenye fani hii walikuwa wanatumia rejeta ndogo za hita za magari, na uwezo wake wa kuondoa joto ni mkubwa. Tatizo ni metali. Rejeta nyingi za magari ya sasa ni alumini, na kipoozeo cha prosesa ni shaba. Alumini na shaba zikikaa kwenye maji mamoja, alumini inaliwa, maji yanageuka tope la kijivu na mifereji midogo ya shaba inaziba. Kulanti nzuri inachelewesha kuliwa huko, haikuondolei kesi. Juu ya hayo, rejeta iliyotoka kwenye gari ina uchafu wa miaka ambao huwezi kuumaliza. Kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani nenda kanunue klampu, rejeta iache.

Siku ukijenga mfumo wa wazi, yaani wa kujaza maji mwenyewe, hata hivyo, maji ya bomba usiyaguse, na ya kisima ndiyo kabisa, visima vingi vya Dar vina chumvi. Mafundi wanatumia maji ya betri, yale yaliyotiwa kwenye galoni vituo vya mafuta, na ni sawa ilimradi ni maji safi yaliyochujwa madini, halafu uongeze dawa ya kuzuia kutu na ukungu iliyotengenezwa kwa kompyuta. Soma lebo mara mbili. Kwenye rafu hiyohiyo huwa kuna asidi ya betri, galoni zinafanana, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa yoyote.

Aliyekutisha na matone amechanganya mambo. Matone hutokea kwenye kitu kilicho baridi kuliko kiwango ambacho mvuke wa hewani unageuka maji, na Dar wakati wa kaskazi kiwango hicho ni digrii 24 au 25. Maji ya mfumo wako yatakuwa 35 hadi 43. Hayafiki huko hata kwa bahati mbaya. Wanaopata matone ni wale wanaotia barafu kwenye tangi au wanaounganisha mashine ya friji, na hao wajitayarishe kuua madabodi. Unyevu wetu una madhara mengine ya polepole, hasa kwa wakazi wa Kigamboni na Mbezi Beach wanaopata upepo wa bahari wenye chumvi, skrubu zinapata kutu na feni za bei rahisi zinaanza kulia mapema. Tabata hofu yako ni vumbi. Mapezi ya rejeta yamebanana, vumbi likichanganyika na unyevu linakuwa kama blanketi. Kila mwezi chukua brashi laini ya rangi na bloa, shikilia feni isizunguke unapopuliza, puliza kutoka upande wa pili wa feni.

Kumbuka pia kwamba joto lote unalolitoa kwenye kasha linabaki chumbani nawe. Ukiwa kwenye gemu mashine nzima inavuta wati kama 450 ukutani, ni sawa na kufunga mlango ukiwa na watu wazima wanne wamekaa kitandani. Kwa vipimo vya AC ni BTU 1,500 kwa saa. Basi kasha lisikae ndani ya kabati la meza, mgongo wake uuelekeze dirishani, na dirisha liwe wazi. Chumba kikishuka digrii 3, kiini kinashuka digrii 3. Hakuna kifaa chenye uwiano mzuri kama huo, ndiyo maana nilitaja dari: gipsamu chini ya bati inaweza kukupa zaidi ya tofauti ya 240 na 360.

Mwisho, mifumo ya maji ya mtumba. Najua bei zake zinavutia. Maji yake hupenya kidogo kidogo kwenye mipira na kupotea hewani, na joto linaharakisha, kwa hiyo iliyotumika miaka minne inaweza kuwa imepungukiwa bila kuvuja tone. Huwezi kuiongezea, nyingi hazina kizibo. Ukiipata dukani itikise karibu na sikio. Ikibwabwaja sana kama dumu lililo nusu, irudishe. Ikiwa kimya, mwambie muuzaji aiwashe kwenye mashine yake, ushike mipira miwili kwa vidole mzigo ukiwa juu: yote miwili iwe vuguvugu inayokaribiana. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine umepoa, maji hayazunguki.